Jisemeshe kama unavyomsemesha Simba

Mdogo wangu wa Pasua, Moshi, umeandika kwamba ukikosea hesabu dukani unajiita mjinga siku nzima, na jioni anayekutuliza ni mbwa wako Simba tu. Pole sana. Nami niliishi hivyo miaka mingi.

Mbwa wangu hapa Rau aliwahi kupindua sufuria ya mtori iliyokuwa inapoa kibarazani. Nilimfokea, akafyata mkia, akajificha migombani. Nikachuchumaa, nikamwambia polepole, "Haya, njoo, yameisha." Akaja. Usiku uleule nikaunguza wali, nikajitukana kwa maneno ambayo nisingemtamkia yule mbwa hata kwa hasira. Nilishtuka kujisikia.

Mwanasaikolojia Kristin Neff wa Marekani, aliyechapisha kipimo cha kujihurumia mwaka 2003, anashauri tujitendee kama tunavyomtendea rafiki. Kwangu mimi, mbwa alikuwa mlango rahisi zaidi.

Kesho hesabu ikipotea, taja kosa lenyewe: "Nimezidisha chenji elfu mbili." Ishia hapo, usijipachike jina. Simba akikosea unamwambia "acha" mara moja, humhukumu maisha yake yote. Tumia sauti ileile, hata kwa kunong'ona, ukijiita jina lako. Mwanzoni utaona haya, kwa hiyo jizoeze mkitembea alfajiri, njia ikiwa bado tupu.

Ila kama maneno hayo yanakunyima usingizi au yanakusukuma kujidhuru, usimwachie Simba mzigo huo. Nenda hospitali ya KCMC hapa Moshi ukaonane na mtaalamu wa afya ya akili, tena mapema.