Kocha anayeanzia kwenye unachokiweza

Dada, umeuliza kama kocha wa maisha anayetaka muanze na unachokiweza, badala ya udhaifu wako, anakula hela yako bure. Hapana, kama kazi anaijua.

Mimi nauza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Hesabu zilikuwa zinanishinda, nikajiona sifai kabisa. Kocha wangu aliniuliza tu: "Wateja wanakurudia kwa nini?" Nilikaa kimya muda mrefu. Kumbe namkumbuka kila mtu: mama wa Buhongwa hataki dagaa wenye mchanga, yule wa Shinyanga anataka gunia lifungwe mbele yake. Tukajenga hapo hapo. Nikawa nawapigia simu mzigo mzuri ukiingia, daftari akashika mdogo wangu.

Ukitaka kujipima, mwaka 2004 wanasaikolojia wa Marekani, Christopher Peterson na Martin Seligman, walitoa orodha ya nguvu 24 za tabia, yaani sifa njema za mtu, na dodoso lake unalipata bure mtandaoni. Waulize pia watu wawili watatu wanaokujua, maana sifa zetu wenyewe huwa hatuzioni.

Ila kocha akikwambia ufumbie macho madeni, mkimbie. Na kama siku hizi hulali wala chakula hakipiti, dada yangu, anza na daktari, hata hospitali ya Bugando.