Johnny Weissmuller: stelingi aliyetoka majini

Wiki mbili zilizopita nilidokeza mistari michache tu kuhusu Johnny Weissmuller, yule aliyeigiza Tarzan, mzungu aliyelelewa na sokwe msituni, katika filamu za zamani za nyeusi na nyeupe, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mengi, nayajibu haya yaliyojirudia zaidi.

Shikamoo mzee. Marehemu babu alikuwa akituita wajukuu kwa ukelele wa "Ungawa!" na kusema ni Kiswahili cha Tarzan. Ni Kiswahili cha wapi hicho? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu. Watu wa Tanga mniulize mimi Kiswahili? Hilo neno si la Tanga, si la Mvita, wala si la bara. Lilibuniwa Hollywood kwa ajili ya filamu za studio ya MGM miaka ya 1930. Ukilifuatilia utacheka: tembo akiambiwa "ungawa" anasimama, baadaye akiambiwa "ungawa" anaondoka. Sokwe naye anaambiwa hilo hilo, na anaelewa. Neno la Kiswahili utakalolisikia kweli kwenye filamu za namna ile ni "bwana", na halisemwi na wazungu.

Jambo moja babu huenda hakulijua: Tarzan wa kitabuni si bubu wa maneno mawili matatu. Mwandishi wake, Edgar Rice Burroughs, alimfanya msomi wa kujifundisha mwenyewe, anayezungumza Kifaransa na Kiingereza bila shida. Burroughs huyo hakuwahi kukanyaga Afrika. Hadithi ilipotoka gazetini mara ya kwanza mwaka 1912 alikuwa amemweka chui milia wa Asia katika msitu wetu, na ilibidi arekebishe kabla ya kitabu kuchapwa.

Huyu bwana alikuwa Mmarekani au Mjerumani? Nimesoma mambo mawili tofauti. (Nairobi)

Umesoma mambo mawili kwa sababu alikuwa na vyeti viwili, tuseme hivyo. Alizaliwa tarehe 2 Juni 1904 Freidorf, karibu na Timișoara. Leo ni Romania, wakati ule ilikuwa himaya ya Austria na Hungaria, na wazazi wake walikuwa wa jamii ya Wajerumani wa huko. Mwaka 1905 familia ilipanda meli kwenda Marekani, Johnny akiwa mtoto wa kubebwa. Wakafikia Windber, mji wa machimbo ya makaa ya mawe Pennsylvania, na huko akazaliwa mdogo wake, Peter. Kisha wakahamia Chicago.

Sasa ukafika mwaka 1924, michezo ya Olimpiki ya Paris, na kuichezea Marekani lazima uwe raia. Familia ikatumia kumbukumbu za ubatizo za Peter. Ghafla Johnny akawa ndiye aliyezaliwa Windber, na mdogo mtu akawa wa Ulaya. Siri hiyo aliibeba maisha yake yote. Mimi simhukumu. Mtoto aliyevushwa bahari akiwa hajui hata kutambaa angeambiwa arudi wapi?

Mimi ni mwogeleaji chipukizi hapa Mwanza. Kocha wetu anamtaja sana. Alikuwa mkali kweli au ni sifa za sinema? (Mwanza)

Kijana, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Watu wanamkumbuka kwa kamba za miti, lakini kamba zile ni maigizo, na mara nyingi aliyening'inia alikuwa mtu mwingine. Kwenye maji hakuwa akiigiza.

Tarehe 9 Julai 1922, akiwa na miaka 18, aliogelea mita 100 mtindo huru kwa sekunde 58.6. Kabla yake hakuna binadamu aliyekuwa amerekodiwa chini ya dakika moja. Februari 1924 akaishusha hadi 57.4, na rekodi hiyo ikakaa miaka kumi. Paris mwaka huo akachukua dhahabu tatu: mita 100, mita 400, na ile ya kupokezana ya mita 200 kwa watu wanne. Juu yake akaongeza shaba katika polo ya majini, mchezo wa timu wa kufunga mabao kwa mpira ndani ya maji. Kwenye mita 100 aliyemfuata alikuwa Duke Kahanamoku wa Hawaii, bingwa wa 1912 na 1920, na wa tatu alikuwa Sam, mdogo wake Duke. Yaani kijana wa Chicago aliogelea akiwa amewekwa kati na ndugu wawili waliozaliwa kwenye mawimbi. Amsterdam mwaka 1928 akaongeza dhahabu mbili. Ukijumlisha maisha yake ya bwawani, alikuwa bingwa wa Marekani mara 52 na aliweka rekodi za dunia zaidi ya 50.

Ukitaka kujipima naye: Paris hiyo hiyo, miaka 100 baadaye, Pan Zhanle wa China aliogelea mita 100 kwa sekunde 46.40. Weissmuller alishinda pale kwa 59.0. Leo asingeingia hata fainali, lakini usisahau enzi zake hakukuwa na miwani ya kuogelea ya maana wala ile staili ya kugeuka kwa kubiringita, na vazi lilikuwa zito likilowa. Tazama pia picha zake za video. Kichwa na kifua vinapanda juu ya maji kama mtumbwi wenye injini. Kocha wako atakwambia usimwige, na atakuwa sahihi.

Kuna siku moja naipenda kuliko medali zote. Julai 1927, yeye na Peter walikuwa wakifanya mazoezi Ziwa Michigan dhoruba ilipopindua boti ya abiria. Watu zaidi ya 20 walikufa, wengi wakiwa kina mama na watoto. Ndugu wale wawili walizama na kuibuka, wakizama na kuibuka tena, na watu 11 wakaokoka kwa mikono yao. Ninyi watu wa Ziwa Victoria hamhitaji kuelezwa maana ya boti kupinduka.

Mjomba wangu anashikilia kuwa zile filamu zilipigwa Kenya na Uganda. Kweli? (Kisumu)

Mjomba ana nusu ya ukweli. Weissmuller alikuwa California akiogelea kwenye maziwa ya huko, na baadaye chemchemi za Florida kwa picha za chini ya maji. Lakini mwongozaji wa filamu ya kwanza ya 1932, W. S. Van Dyke, alikuwa ametoka Afrika Mashariki na Kongo kupiga filamu nyingine, na alirudi na mikanda mingi ambayo haikutumika. Mikanda hiyo ikawekwa kama mandhari nyuma ya waigizaji. Kwa hiyo mito, wanyama na watu wa kweli wanapita pale nyuma, na mbele yao anasimama mtu ambaye hayuko nao.

Tembo wanaopandwa ni wa Asia, waliobandikwa masikio ya bandia ili wafanane na wetu. Angalia vizuri, mengine yanapwaya.

Halafu kuna hili. Katika filamu zile, genge kubwa la mwamba linalozuia njia ya kwenda kwa Tarzan linaitwa Mutia. Jina limetokana na Mutia Omoolu, Mkenya aliyeigiza katika ile filamu ya Van Dyke ya kabla yake. Mtu mwenyewe hayumo, jina lake limebaki kwenye jiwe la kuchora.

Ule ukelele wake ulikuwa wa kweli? (Dodoma)

Studio ilijinadi kwamba mafundi sauti waliuchanganya na sauti za wanyama. Mwenyewe alishikilia kuwa ni koo lake, na kwamba alijifunza utotoni kutoka kwa majirani Wajerumani waliokuwa wakiimba kwa kupandisha na kushusha sauti ghafla. Mimi nasimama upande wake, kwa sababu uzeeni aliombwa mara nyingi aupige hadharani, akaupiga. Husimuliwa pia kuwa huko Cuba, mwishoni mwa miaka ya 1950, wapiganaji walisimamisha gari lake akienda kucheza gofu, akapiga ukelele, wakamtambua na kumsindikiza. Kisa kitamu mno, kipokee na chumvi yake.

Alisema "Mimi Tarzan, wewe Jane"? (Zanzibar)

Hapana. Katika filamu anagonga kifua chake na cha Jane, mpenzi wake wa filamuni, akitaja majina mawili tu, tena na tena, mpaka Jane (aliyeigizwa na Maureen O'Sullivan) anachoka.

Niwaonyeshe wanangu? Wanapenda wanyama. (Mama wa watatu, Mbeya)

Dada yangu, waonyeshe zile sehemu za kuogelea. Kwingine kaa nao, rimoti mkononi. Kuna mahali katika filamu ya kwanza mpagazi anaporomoka kutoka gengeni, na swali la mwajiri wake ni mzigo ule ulikuwa na nini. Kuna "mbilikimo" walioigizwa na wazungu wafupi waliopakwa rangi nyeusi. Mwanao akikuuliza kwa nini watu weusi wanakimbia tu na kufa bila majina, mjibu. Mimi niliyatazama hayo yote utotoni nikimshangilia stelingi, hakuna aliyenieleza kitu.

Fedha zote zile alizipeleka wapi? (Arusha)

Hollywood alianza kwa fedha nzuri. Mwaka 1929 kampuni ya nguo ya BVD ilimwajiri kutangaza mavazi ya kuogelea kwa dola 500 kwa wiki, na MGM walipomtaka ilibidi mastaa wao wapigwe picha wamevaa BVD ili aachiliwe. Alicheza Tarzan mara 12, kuanzia 1932 hadi 1948. Mwili ulipoongezeka akavaa shati na kofia, akawa Jungle Jim, stelingi wa mfululizo mwingine wa filamu za msituni, kwa miaka mingine. Filamu tatu za mwisho za mfululizo huo hakuruhusiwa hata kutumia jina hilo, akaigiza mtu anayeitwa Johnny Weissmuller.

Ndoa zilikuwa tano. Biashara zilikuwa nyingi, zenye faida chache. Miaka ya 1970 aliwahi kuajiriwa kupokea wageni kwenye hoteli ya kamari Las Vegas, kazi ya kushikana mikono na kutabasamu. Kisha akavunjika nyonga, kiharusi kikamfuata.

Alimalizia maisha Acapulco, Mexico, mji alikopigia Tarzan yake ya mwisho. Alifariki huko tarehe 20 Januari 1984. Jeneza liliposhushwa kaburini walicheza kanda ya ukelele wake, mara tatu. Kwa hiyo msomaji wa Dodoma, hata pale ilikuwa kanda.