Weka hiyo silikoni chini, mkuu: taa ikizibwa matundu ya kupumulia ndiyo imekufa

Usiifungue hiyo silikoni. Kama umeshaifungua, kapigie sinki la jikoni, ila taa ya gari usiiguse.

Umeandika kwamba taa ya kushoto ina ukungu tangu mvua zianze, fundi wako wa Majengo anataka kuzungushia silikoni "kila penye tundu" na kutoboa kitundu kwa chini cha kutolea maji. Ukauliza silikoni ipi nzuri, taa used ni bei gani, balbu za LED zinasaidia au hapana, na trafiki anaweza kukuandikia. Naanza na hilo la "kila penye tundu", maana hapo ndipo pesa inapopotelea.

Taa imewekewa matundu ya kupumulia makusudi kiwandani. Angalia nyuma yake: kuna vipira vidogo vilivyopinda kama kiwiko, au vifuniko vyeusi, au kijiduara cheupe cha kitambaa laini. Mara nyingi yapo mawili au zaidi, moja juu na jingine chini upande wa pili, ili hewa izunguke. Balbu ya H4 ya kawaida, ile yenye full na dimu ndani ya balbu moja, ni wati 60/55, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo inageuka joto. Ukiwasha, hewa ya ndani inatanuka na kutoka. Ukizima, inasinyaa na kuvuta nyingine kutoka nje. Matundu yakiwa wazi inavuta hewa, basi. Yakizibwa, itavutia penye udhaifu, na penye udhaifu ni gundi ya ukingoni, kioo kinaposhikana na bodi ya taa, palepale maji ya mvua yanapotuama. Unatoka Morogoro jioni kuja Dodoma, taa zinawaka tangu Gairo, mvua ikupige Kibaigwa: taa inapoa ghafla na kunyonya maji yenyewe. Yakishaingia yatatokea wapi? Umeziba.

Na hiyo silikoni ya bei rahisi yenye harufu ya siki ni balaa la pili. Inapokauka inatoa mvuke wa asidi. Kwenye sinki mvuke unaenda zake. Ndani ya taa iliyofungwa unakaa juu ya rifleta, ile sehemu ya ndani inayong'aa na kurusha mwanga mbele, ambayo si kioo, ni plastiki iliyopakwa tabaka jembamba sana la alumini. Inaanza kufifia, inaota madoa, na pini za soketi nazo zinashika kutu. Rifleta ikishafika hapo haisuguliwi wala haipakwi rangi ya fedha. Unanunua taa nzima. Msiniulize nimejuaje.

Hawa mafundi wa "ziba kila kitu" wana raha yao. Anakukabidhi gari saa nane mchana, jua la Dodoma la utosi, taa inang'aa kavu. Kwa jua lile hata ndoo ingekauka! Kwake kazi imekwisha na hela kashika. Wewe ndiye utakayeuona ukungu alfajiri, ukirudi anakwambia "hiyo ni hali ya hewa, bosi". Na kitundu cha chini anachotaka kutoboa kinaelekea palipo na tairi. Kiangazi kitaingiza vumbi, mvua ikija vumbi linakuwa tope upande wa ndani ambako kitambaa hakifiki.

Kwanza jua kama una tatizo kweli. Ukungu mwembamba pembeni unaoondoka taa zikiwaka kwa muda au gari ikipigwa jua ni wa kawaida, hata vitabu vya Toyota vinasema hivyo. Tatizo ni matone makubwa, michirizi, au maji yaliyotuama chini. Hapo ng'oa taa, na usikimbilie ukingoni. Anza na mpira wa nyuma ya balbu: umekauka, umechanika, au umevalishwa vibaya? Mingi ina alama ya TOP, hiyo ikae juu, na mdomo wake ukumbatie soketi pande zote. Kisha angalia vipira vya soketi za parking na indiketa, halafu vile viwiko. Kama vimejaa tope au utando wa buibui, safisha kwa brashi laini. Kile kijiduara cheupe usikichokoe na sindano. Kiwiko kikipotea, weka kipande cha bomba la mpira chenye kipenyo kinachobana, mdomo uelekee chini, na sponji kidogo ndani ya kuzuia vumbi.

Kukausha: toa balbu zote bila kugusa kioo chake kwa vidole, funika matundu kwa kitambaa chepesi, laza taa mdomo chini juani mpaka iwe kavu kabisa. Draya ya nywele kwenye moto mdogo inafaa. Bunduki ya moto ya gereji hapana, inapinda kioo cha mbele, ambacho nacho ni plastiki. Rifleta usiifute, hata kwa pamba.

Ikikauka na bado una wasiwasi na ukingo, ziba matundu yote kwa muda kwa utepe wa karatasi (masking tape), acha moja, chomeka hapo kibomba cha mpira, pakaa maji ya sabuni ukingoni, puliza kwa mdomo taratibu. Si kompresa, itafumua gundi. Povu likitokea, hapo tu ndipo pa kuziba: safisha kwa spiriti kidogo, weka uzi mwembamba wa silikoni isiyo na harufu ya siki, ile ambayo kopo lake limeandikwa neutral, na usiiloweshe kwa saa 24. Petroli na thina visikaribie, vinapasua plastiki ya kioo. Halafu bandua utepe wa karatasi kwenye matundu yote. Yote! Wapo wanaousahau, wanarudi palepale.

LED: hazipashi kioo joto kama balbu za kawaida za halojeni, kwa hiyo ukungu unakawia kukauka. Baya zaidi, feni yake haienei nyuma, fundi anakata mpira au anauacha nje kabisa. Ukiona taa imeanza ukungu wiki ileile ulipobadilisha balbu, usihangaike na ukingo, tafuta ule mpira. Vipakiti vya kunyonya unyevu navyo vikishajaa vinarudisha maji ndani taa ikipata moto.

Kwenye kuosha gari, usiruhusu bomba la presha kwenye taa iliyotoka kuzimwa. Mwambie kijana aanze na matairi.

Bei na trafiki wadau watakujibu hapo chini. Mimi nataka kwanza useme kama fundi ameshaziba au bado.