Skrini inakabwa kwa mdomo kwanza

Makocha wapya wa mpira wa kikapu, mkinisikia napiga kelele jukwaani kila Jumamosi, msidhani nina ugomvi na nyie. Nawapenda, ila mnanichosha. Gadi anayemkaba mwenye mpira anagonga skrini, yaani mpinzani aliyesimama njiani kumzuia, anapotea, mwenye mpira anapiga shuti la pointi tatu akiwa peke yake, halafu benchi zima linamgeukia gadi: "Kaza mguu!" Atakazaje mguu mtu ambaye hakuona kilichomgonga?

1. Mkubwa, yaani senta, yule mrefu wa karibu na kikapu, ndiye anayeanza kuongea. Gadi macho yake yako kiunoni kwa mwenye mpira. Anayemkaba mweka skrini ndiye anayeona picha yote. "Skrini kushoto!" itoke mweka skrini akiwa bado njiani, siyo vifua vikishagongana.

Hili nililijua kwa kuchelewa, na aliyelipa ni kijana mmoja wa timu ya vijana niliyokuwa nayo. Mfupi, mbishi, pumzi haziishi. Wapinzani wakamwekea skrini ile ile, upande ule ule wa kulia. Akapita chini, yaani nyuma ya skrini upande wa kikapu, tatu ikaingia. Nikamfokea. Akajaribu kupita juu, kati ya skrini na mwenye mpira, akagonga, akaishia kushika jezi ya mtu: faulo. Nikamtoa, nikamrudisha, nikamfokea tena, na mama yake amekaa safu ya mbele ameshika chupa ya maji ya mwanawe. Faulo ya tano, ile ya kutolewa mchezoni, alimsukuma mweka skrini kwa hasira tu. Alipokuja benchi hakunitazama.

Usiku mzazi mmoja akanitumia video ya simu. Nikaifungua nikitafuta makosa ya gadi, nikakutana na senta wangu: mikono kiunoni, yuko mbali na mtu wake, mdomo umefungwa. Skrini ya kwanza hivyo, ya mwisho hivyo. Na yeye sikuweza kumlaumu. Mazoezini nilikuwa natumia viti vya plastiki badala ya skrini, na kiti hakihitaji mtu wa kukikaba, kwa hiyo wakati gadi anajifunza kuzunguka viti senta alikuwa pembeni anapiga stori. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana kazi pale. Nilimwomba gadi radhi mbele ya wenzake. Akajibu "Sawa kocha," ile sawa ya adabu tu.

2. Chagua njia moja inayolingana na wachezaji ulionao. Mpinzani hana shuti la mbali, pita chini. Analo, pita juu, na senta ashuke kulinda njia ya kikapu. Kuswichi kila kitu, yaani wakabaji kubadilishana watu kila skrini, mmekuona kwenye NBA, ligi ya Marekani, ambako watu wengi uwanjani wanakaribiana urefu. Gadi wako akibaki na senta wao chini ya kikapu, utaita taimauti ukiomba dua. Halafu kumbukeni sisi tunacheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa: ile sekunde tatu ya difensi ya NBA, inayomkataza mkabaji kukaa chini ya kikapu zaidi ya hapo bila kumkaba mtu, haipo. Senta wako anaruhusiwa kukaa ndani muda anaotaka. Nimewasikia makocha wakimkemea senta atoke, sijui wanamwogopa nani.

3. Skrini ikiwa pembeni, gadi azibe njia ya katikati na kumsukumia mwenye mpira kwenye mstari wa mwisho, senta akimsubiri huko.

4. Someni kitabu cha sheria. Mweka skrini akiwa anatembea wakati wa kugongana, faulo ni yake. Akiweka skrini nyuma ya mtu aliyesimama asiyemwona, lazima amwachie nafasi ya hatua moja ya kawaida. Ukiyajua haya utamuuliza mwamuzi kwa adabu, badala ya kurusha taulo.

5. Msimsahau mtu wa tatu. Stockton, gadi, na Malone, mweka skrini wake, waliishi kwa mchezo huu wa skrini kwenye timu ya Utah ya NBA miaka na miaka, ukumbi mzima ukijua unakuja, kwa sababu mweka skrini akigeuka kukimbilia kikapu lazima mtu wa upande wa pili aache mtu wake na kumziba. Amzibe, kisha arudi mbio kwa mtu wake.

Mazoezi yenyewe ni wanne kwa wanne. Skrini ikiwekwa bila mtu kuita, pointi kwa washambuliaji hata kama mpira haukuingia. Siku za mwanzo mtasikia minong'ono tu. Vijana hawa hawa wanatumiana sauti za WhatsApp mpaka alfajiri, lakini mwambie mmoja aseme "kushoto" kwa nguvu, anaona haya kama bwana harusi.