Makoti ya North Conway

Mwanangu,

Umeniuliza kama inalipa kutoka Portland hadi North Conway kununua makoti ya watoto, kwa kuwa New Hampshire hawatozi kodi ya mauzo. Hesabu ni nyepesi: hapa Maine tunatozwa asilimia 5.5, kwa hiyo kwenye dola 200 utabakiza dola 11. Kwenda tu ni kilomita 100 hivi. Lakini jaza tangi kwanza.

Ile Oktoba yetu ya kwanza hapa, wewe ulilala kiti cha nyuma umekumbatia koti jipya. Tulipotoka madukani, badala ya kurudi kwa njia ya Fryeburg, baba yako akashika barabara ya Kancamagus. "Tuone milima kidogo tu." Kidogo! Barabara ile ni kilomita 55 mpaka Lincoln na hakuna hata kituo kimoja cha mafuta. Mshale ulikuwa chini ya robo. Yeye mtoto wa Uvira kule Kongo, aliyezoea kupanda milima ya Ngomo juu ya magunia kwenda Bukavu, alikuwa anaimba. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mshale.

Nilimfokea, mwanangu. Nilimwambia anachoma pesa yote tuliyobakiza, tena kwa sauti iliyowaamsha nyinyi. Hakujibu. Alisimamisha gari kando ya mto Swift, akashuka peke yake. Ile miti inayogemwa utomvu mtamu, majani yake yalikuwa mekundu kama pilipili iliyoiva, mengine yanachukuliwa na maji. Akaokota moja, akalifuta kwenye suruali, akalitia mfukoni mwa koti langu. Tukageuza.

Nilikuwa na haki. Watoto wadogo, giza linawahi, simu hazishiki kule. Haki nilikuwa nayo, ndiyo, lakini kushuka dakika tano kungenipunguzia nini? Jani nililikuta mwezi Machi, limesagika kwenye risiti. Mpaka leo baba yako akiona mti mwekundu hunitazama kwanza, kisha hunyamaza.

Unasema mume wako naye anataka mpite hukohuko. Nina neno langu, liko mdomoni kabisa, ila gari ni lenu na nyumba ni yenu. Mkienda, msipitishe katikati ya Oktoba, mtakuta matawi matupu. Jazeni tangi palepale Conway. Na wajukuu wangu wachukulie saizi moja zaidi, wanakua upesi.

Mama yako