Barua kwa mwanangu: sahihi ya fundi

Katuba, Lubumbashi

Yambo mama,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya pili peke yangu chini ya muembe. Unauliza kama umruhusu mjukuu wangu aingie Aviation High School, ile shule ya serikali huko Queens, New York, inayotoa mafundi wa ndege, au umsikilize mume wako anayesema mtoto mwenye akili kama ile asipotelee kwenye mafuta machafu, asome udaktari.

Nianze na hofu ya mume wako, maana hiyo ni nyepesi. Hapa kwetu ukisema umetoka Institut Technique Salama, shule yetu ya ufundi, hakuna anayekuuliza ulifeli wapi kwanza. Na Salama tunalipa. Hiyo ya kwenu ni bure. Mtoto atasoma hesabu, historia na sayansi kama wenzake, atapata diploma ya kumfikisha chuo kikuu. Udaktari akiutaka, utamngoja. Kinachozidi ni hangari ndani ya shule, na ndege za kweli ambazo watoto wanazifungua na kuzifunga. Mwambie mume wako pia habari za Charles Taylor. Dunia nzima inawajua ndugu Wright, lakini injini ya ndege yao ya 1903 aliitengeneza fundi wao huyo, kwa wiki sita hivi, na mafuta machafu mikononi.

Lisensi yenyewe ya ufundi wa ndege si ya mchezo. Inatolewa na FAA, idara ya serikali ya Marekani ya mambo ya ndege, na ina milango miwili: mmoja wa mwili wa ndege, mmoja wa injini. Anayetaka yote miwili anaweza kubaki shuleni mwaka wa tano. Kwa miaka mingi sheria ilidai saa 1,900 za mafunzo: 400 za misingi, 750 za mwili, 750 za injini. Mwaka 2022 wakaacha kuhesabu saa, wakabaki kuangalia kama mwanafunzi anaiweza kazi. Naona walifanya vema. Nimeona watu waliokaa ateliye, yaani karakana, miaka kumi wasijue kukaza bolti. Kuna mtihani wa kuandika, wa kujibu kwa mdomo, na wa mikono mbele ya mtahini. Hata akishinda yote, lisensi haipewi mtu kabla ya miaka 18.

Lakini si hayo yaliyoninyima usingizi. Kuna jambo sijawahi kukuambia.

Ulikuwa bado mdogo, nafanya kazi kwenye ateliye moja ya malori. Ijumaa jioni shefu, mkubwa wetu wa kazi, akanipa fishi, karatasi ya kazi: tia sahihi hapa, freni za nyuma zimetazamwa. Sikuwa nimezitazama. Alizishika kijana mwingine, naye alikwisha kwenda nyumbani. Lori lilikuwa linangojwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nikatia sahihi. Jumatatu tukaambiwa limeingia mtaroni kabla ya kufika mpakani, dereva kavunjika mguu. Alipona, lakini akabaki anachechemea. Hakuna aliyeniuliza kitu. Fishi ilipotea, na mshahara wangu ukaendelea kuja. Nikikutana na yule dereva kwenye soko ya Kenya, ile ya hapa Lubumbashi, alikuwa ananisalimu kwa furaha, "Yambo fundi!", nami nalipia samaki bila hata kubishana bei, naondoka. Mama yako alikuwa akishangaa kwa nini nanunua ghali.

Sasa sikia wanavyofanya kwenye ndege. Fundi akimaliza kazi anaandika kwenye kitabu cha ndege alichofanya, tarehe, sahihi yake, na namba ya lisensi yake mwenyewe. Ya kwake, si ya shefu. Mwaka wowote mtu akifungua ule ukurasa, anamkuta hapo.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, mwache aende. Ila kabla hujajaza karatasi, mkalishe umsimulie habari ya lile lori, nimekupa ruhusa, kisha muulize atafanya nini siku shefu atakapokuwa na haraka. Akikujibu palepale, muulize tena wiki ijayo.

Mama yako anakusalimu, mvua imeanza, mahindi yameshika. Nimeikuta kle yangu, spana ya milimita 13, ile uliyokuwa unaificha chini ya kitanda. Nitampa mtu anayekuja huko amletee mjukuu. Najua ndege za Marekani zinapimwa kwa inchi, na kwenye bolti yenye kichwa cha nusu inchi hiyo 13 itacheza kidogo na kula pembe. Asiitumie kazini. Akae nayo tu mezani.

Baba yako