Ushuru wa Forodha Hulipwa na Nani?

SWALI: Mhariri, kila ushuru wa bidhaa za nje unapopandishwa, tunaambiwa kwamba gharama yake itabebwa na nchi zinazouza. Je, ni kweli? Na kwa nini bidhaa za viwanda vya ndani nazo hupanda bei ilhali hazikutozwa chochote?

JIBU: Anayelipa forodhani ni mwagizaji, wala si nchi iliyouza, na asipolipa mzigo hautoki. Ushuru huu aghalabu ni asilimia ya thamani ya mzigo, ambayo katika nchi nyingi hujumlisha nauli na bima. Tuchukue mzigo wa thamani ya 1,000, ushuru wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Ushuru ni 250, lakini kodi hiyo ya pili hukokotolewa juu ya 1,250, kwa hiyo mwagizaji huongeza 250 nyingine na mzigo humfikia kwa 1,500, ilhali pasipo ushuru angeupata kwa 1,200. Ushuru wa 250 umezaa ongezeko la 300, jambo ambalo wanaoutangaza ni nadra kulitaja.

Ni kweli kwamba muuzaji wa nje huweza kushusha bei ili asipoteze soko, hasa mnunuzi akiwa nchi kubwa, na hapo naye hubeba sehemu yake. Kinachosalia hugawanywa kati ya faida ya mwagizaji na mfuko wa mlaji.

Kuhusu swali la pili, mwenye kiwanda cha ndani alikuwa akizuiwa kupandisha bei na bidhaa za nje zilizokuwa rahisi, na zinapopanda, kizuizi hicho huondoka. Marekani ilipotoza ushuru mashine za kufulia nguo mwaka 2018, bei zilipanda kwa takriban asilimia 12, zikiwemo za mashine zilizoundwa nchini humo. La kustaajabisha zaidi ni kwamba mashine za kukaushia nguo, ambazo hazikuguswa na ushuru ule, zilipanda karibu kwa kiwango hicho hicho, kwa sababu wateja huzinunua kwa jozi na wauzaji waliligawa ongezeko katika mashine zote mbili.

Viwanda vya ndani viliajiri zaidi, hilo halikanushiki, ila ajira hizo ziligharimiwa na kila aliyenunua mashine, na ile sehemu ya ongezeko iliyotokana na mashine za ndani haikuingia hazina ya serikali hata kidogo, bali ilibaki kwa watengenezaji na wauzaji.